Nyumba Isiyofagiwa

Nyuma ya uwanja wa ndege, kule Ibadakuli, kulikuwa na nyumba moja iliyomsumbua Mwahija kuliko deni. Yeye alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani ikitazamana na nyumba hiyo ng'ambo ya barabara ya vumbi. Lolote lililopita mtaani alilipima kwa macho, akalikata, akaliunganisha na la jana na la juzi mpaka likavalika. Nyumba ile tu ndiyo iliyomshinda. Kila alipodhani ameipatia kipimo, upande mmoja ulibaki ukining'inia.

Kuitazama tu, ilikuwa gofu kama magofu mengine. Ukuta wa tofali za kuchoma ulikuwa umepandwa na mchwa, majani yamefika madirishani, bati moja la upande wa magharibi limefunuliwa na upepo na halijarudishwa. Mbuzi wa majirani walikuwa wamejizoesha kuzalia pale barazani. Lakini kufuli la mlango wa mbele liling'aa. Halikuwa na kutu hata chembe. Jua la asubuhi likilipiga, Mwahija aliliona kutoka kwenye kiti chake, na akajiuliza tena ni nani huyo anayeacha nyumba nzima ioze kisha anatunza kufuli.

Waliomwita Mwahija mmbea walimwonea kidogo. Mmbea huchukua maneno ya huku akayapeleka kule, basi. Mwahija aliyafuata maneno mpaka nyumbani kwao, akataka kujua baba yao nani na mama yao nani. Kuyapeleka kule alikuwa akiyapeleka pia, sitaki kumsafisha kupita kiasi, lakini hilo lilikuja baadaye.

Tabia hiyo alianza nayo utotoni. Baba yake, Mzee Akida, mtu wa Tabora, alikuwa mpishi katika bwalo moja la wafanyakazi wa almasi karibu na Songwa, na Mwahija alikuwa akimpelekea kofia yake kila alipoisahau. Siku moja, akiwa binti mdogo wa kwenda madrasa, alisimama getini akamuuliza mlinzi kwa nini wanapekua watu wakitoka na si wakiingia, kwani huenda kuna anayeingia na almasi yake kutoka kwao. Mlinzi alicheka, akamsimulia mwenzake, mwenzake akamsimulia mkubwa wao, na mkubwa hakucheka. Mzee Akida aliitwa aeleze ni mtoto wa namna gani anayemlea. Kazi hakufukuzwa, lakini alirudi nyumbani jasho limemtoka, akamwambia binti yake kwamba kila boma lina mlango na mdomo nao ni boma. Binti alimuuliza boma la mdomo mlango wake unafungwa kwa kitu gani, na mzee akaenda zake kuoga.

Alikuja kuolewa na Yasini, dereva wa malori ya pamba, mtu mpole aliyejifunza mapema kwamba akirudi safari bila kusimulia alikopita, chakula kitachelewa. Yasini alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Binti yao Safiya aliolewa Segese, huko kwenye dhahabu, akawa anauza dagaa. Mwahija alibaki na cherehani, baraza na macho yake. Ulipofika uchaguzi wa serikali ya mtaa, watu wakamchagua kuwa mjumbe, wengine kwa kumpenda, na wengine kwa hesabu kwamba akipewa mambo ya mtaa atapunguza mambo ya watu. Hao wa pili walikosea hesabu.

Basi ndipo ikaja ile sheria ndogo ya magofu.

Mtendaji wa mtaa, Magesa, kijana mtaratibu mwenye sauti ya chini, aliwaita wajumbe akawasomea. Nyumba isiyokaliwa na isiyotunzwa ni hatari kwa afya na usalama wa wakazi. Na kweli, masika yaliyopita mtoto wa shule alikuwa ameumwa na nyoka aliyetoka kwenye gofu lililo jirani na kisima, na vibaka walikuwa wakificha mali za watu humo humo. Kwa hiyo nyumba kama hiyo itawekwa alama ya X nyekundu ukutani na notisi mlangoni. Mwenye nyumba atapewa muda wa kuikalia, au kuikarabati, au kuibomoa kwa mkono wake. Asipoonekana, tingatinga litakuja, na gharama ya tingatinga itamfuata yeye popote alipo.

Wajumbe wengine walitikisa kichwa wakaanza kutazama saa. Mwahija alikuwa na maswali. Je, nyumba ikiwa na mtu ndani lakini imeinama? Je, ikiwa nzima lakini haina mtu? Je, mtu akisafiri akaugua huko, hajafa na hajarudi? Je, popo wakikaa humo, hiyo imekaliwa au haijakaliwa? Magesa alicheka kidogo kwa hilo la popo, lakini mengine aliyajibu moja moja, na mwisho akalisema kwa namna ambayo Mwahija hakuisahau.

"Mama Safiya, sheria inatafuta dalili za matunzo. Nyumba inayofagiwa si gofu, hata ikiwa na bati moja. Mimi nikikuta uwanja umefagiwa na moshi unatoka jikoni, napita zangu."

Kesho yake X ikachorwa kwenye ile nyumba, kubwa, ikichuruzika rangi mpaka chini. Notisi ikabandikwa mlangoni juu ya kufuli linalong'aa. Mwisho wa mwezi, ndivyo ilivyosema.

Mwenye nyumba hakuwa siri. Mtaa mzima ulijua ni ya Jilala, aliyeijenga kwa mauzo ya ng'ombe wa baba yake kisha akaenda kwenye machimbo kutafuta dhahabu. Tena mtaa mzima ulimjua mkewe, Noela, au Mama Ndaki kwa jina la mwanawe, mama mmoja mrefu mkimya, aliyekuwa akiishi na watoto wake katika chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga. Na hapo ndipo kipimo cha Mwahija kilipokuwa kikigoma. Mwanamke ana nyumba ya vyumba vitatu, halafu anapanga chumba kimoja kinachotetemeka mashine ikiwashwa. Kwa nini? Majirani walikuwa na majibu ya kila rangi. Wengine walisema ndoa imekufa, wengine kesi ya ndugu, wengine wakasema mle ndani mna kitu na wakakataa kusema ni kitu gani. Mwahija alishamuuliza Noela mwenyewe mara nyingi, kwa kuzunguka na kwa moja kwa moja, na jibu lilikuwa lile lile siku zote, kwamba nyumba ni ya mwenyewe na mwenyewe akija atajua.

Jumapili iliyofuata ile X, watu walipokuwa wakitoka misa, Mwahija alikuwa barazani akipindua gauni la shule. Akamwona Noela anapita na kitenge chake cha kanisani, akafika usawa wa ile nyumba, akatazama huku na huku, akapita katikati ya majani mpaka mlangoni. Alitoa kitambaa kwenye mkoba. Akalifuta kufuli, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Kisha akatoa kichupa, akalipaka.

Mwahija aliacha gauni likaanguka. Alivuka barabara kwa mwendo ambao umri wake haukuwa umeuruhusu kwa muda mrefu. Alikuwa na maswali ya kujaza gunia, lakini alipofika karibu pua yake ilimwahi, na swali lililotoka halikuwa miongoni mwa yale aliyoyaandaa.

"Mama Ndaki, hayo si mafuta ya kupikia?"

Noela aligeuka kwa fadhaa. Akakubali kwamba ndiyo, ni ya alizeti.

"Hayo yataganda na vumbi. Ngoja nikupe ya cherehani."

Akarudi mbio nyumbani, akaja na kichupa chenye mdomo mwembamba, wakapaka kufuli lile pamoja, mmoja ameshika na mwingine anadondosha. Sijui kwa nini jambo dogo kama hilo lifungue kinywa ambacho maswali ya miaka hayakukifungua. Labda Noela alikuwa amengoja siku nyingi mtu wa kumsaidia badala ya mtu wa kumhoji. Aliketi pale pale kwenye ngazi, kati ya vinyesi vya mbuzi, akasema.

Jilala kabla ya kwenda machimboni alikwenda kwa mganga, kama wengi wanavyofanya. Mchimbaji asiye na mwiko, kwao, ni mtu aliyejipeleka tu. Mwingine hukatazwa kuoga, mwingine kunyoa, mwingine kula kuku. Jilala mwiko wake uliangukia nyumba. Aliambiwa afunge mlango, aondoke, na nyuma yake ufagio usiguse humo, moto usiwake, mtu asilale, paa lisiguswe, mpaka atakaporudi yeye mwenyewe na mali mkononi. Akifagiwa nyuma, bahati yake itafagiwa nayo, na ardhi itamfunika. Noela aliambiwa atoke na watoto siku ile ile, naye akatoka.

"Kufuli hawakulikataza," alisema Noela. "Ndiyo maana nalitunza. Ni kitu pekee nilichoruhusiwa."

Mwahija hakucheka. Mwingine angecheka, lakini yeye mama yake mzazi alimfundisha kwamba msafiri akitoka hafagiwi nyuma. Yasini alipokuwa akiondoka na lori, Mwahija hakugusa ufagio mpaka alipohesabu kuwa sasa lori limeshaipita Tinde. Mwiko huo aliujua vizuri. Tofauti ni kwamba kwake uliisha kabla ya adhuhuri, na kwa Noela mtoto aliyetoka mle ndani akibebwa mgongoni sasa alikuwa anasoma darasa la nne.

Alimweleza maneno ya Magesa, kwamba ufagio tu ungetosha. Noela alisema anayajua, ameisoma notisi mwenyewe. Alishampigia simu Jilala siku ile ile ya X. Jilala alisema tu usiguse, nakuja. Neno hilo la nakuja alikuwa amelisema pia Krismasi, na Pasaka.

"Nikifagia, halafu shimo likamfukia," alisema Noela, "nani ataniamini? Ndugu zake watasema nimemuua kwa ufagio. Na mimi mwenyewe, Mama Safiya, nitasema hivyo hivyo. Acha wabomoe. Nyumba itajengwa, mtu hajengwi."

Alisema hivyo akilitazama bati lililofunuliwa, na machozi yakamtoka bila yeye kuyajali. Mwahija alimhurumia. Alijua sasa kile alichotaka kujua kwa miaka yote ile, na hakikumpa raha hata kidogo, maana nyuma yake kulikuwa na kingine asichokijua. Mtu gani huyo anayeambiwa nyumba yake inabomolewa anajibu usiguse? Huko chini ya ardhi amekuta nini cha kumfanya aiuze nyumba yake kwa neno moja?

Jumatano akafunga cherehani, akaaga kwamba anakwenda kumsalimia Safiya.

Segese ilimpokea kwa kelele za krasha zinazosaga mawe na vumbi jeupe linaloketi hata kwenye kope. Safiya alifurahi kumwona mama yake, ila hakudanganyika hata kidogo. Alimpa chai, akamuuliza safari hii anamtafuta nani. Mwahija alipomtaja Jilala wa Ibadakuli, Safiya alifikiri, akamuuliza mteja wake wa dagaa, kijana mwenye matope ya duara, shimo la wachimbaji, mpaka magotini. Kijana alisema kwenye maduara hamjui Jilala wa Ibadakuli. Anamjua Jilala wa kwenye ghorofa la Mzee Bujiku.

Ghorofa. Mwahija alilipokea neno hilo kwa moyo mzito. Kwa hiyo mtu alishapata mali.

Lilikuwa jengo refu pembeni ya njia iendayo mialoni kunakooshewa dhahabu, lisilopigwa lipu, lenye ghorofa moja na nondo zilizotokeza juu zikisubiri ya pili. Lakini uwanja wake ulifagiwa ukafagika. Mistari ya ufagio ilikuwa bado mibichi kwenye udongo, imepangika kama mahindi shambani. Jikoni kwa nje moto ulikuwa ukifuka moshi. Na kwenye kamba, kutoka nguzo hadi nguzo, zilianikwa nguo: kanga mbili, gauni la mwanamke, kaptula za watoto.

Mwahija alisimama akazitazama nguo zile, na hasira ikampanda kwa ajili ya mwanamke aliyekaa kwenye ngazi akipaka kufuli mafuta ya alizeti. Kumbe ndiyo maana usiguse. Mtu ana mke mwingine na watoto wengine na ghorofa, na yule kule anafugwa na mwiko. Alikuwa ameshachagua na maneno ya kumwambia, na hayakuwa machache.

Ila mkono wa fundi una tabia zake. Kabla ya kuita hodi ulikwishaishika ile kanga. Ilikuwa imepauka kwa jua upande mmoja tu, ule wa nje, na pindo zake zilikuwa na gundi ya kiwandani. Haikuwahi kufungwa kiunoni na mtu yeyote. Akageuza gauni, kwapani hapakuwa na jasho wala mshono uliovutika. Kaptula za watoto zote zilikuwa za kimo kimoja, na hakuna hata moja iliyochanika makalioni. Mwahija aliwashonea watoto maisha yake yote. Watoto wasiochana kaptula hawapo.

Hapo ndipo Jilala alipotokea upande wa nyuma akiwa na ufagio mkononi.

Alimtambua mara moja, akauficha ufagio mgongoni kama mtu aliyefumaniwa na chupa. "Shikamoo, Mama Safiya."

"Marahaba. Mkeo yuko wapi?"

"Si yuko huko huko kwenu?"

Mwahija alimwonyesha kamba kwa kidevu. Jilala alianza kucheka, kicheko kikamfia njiani, akabaki anatazama chini. Alikuwa amekonda, na nywele zimeingia mvi. Akamvutia mgeni kigoda, akammiminia uji, na taratibu akaanza kumweleza.

Ghorofa si lake. Ni la mfanyabiashara wa dhahabu, Mzee Bujiku, anayeishi Mwanza, aliyelianza siku za neema akaliacha. Huku nako halmashauri ilikuwa imeanza kuwaandikia wenye majengo yaliyotelekezwa. Mzee Bujiku hakutaka kulimalizia wala kulibomoa, kwa hiyo alimtafuta mtu wa kulifanya lionekane linakaliwa. Akamletea Jilala mfuko wa nguo za dukani na kanga mpya, akamwambia aanike asubuhi na kuanua jioni, afagie, awashe moto, ili akipita mtu wa ofisi aone familia. Jilala alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu duara lao lilipojaa maji na wenzake kutawanyika. Duarani hakuwa ameshuka tena. Hakupata kitu huko, na alishaacha kutafuta.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini sidhani hata wao walimfikiria mtu kama huyu, anayelala kwenye nyumba ya mwenzie ili isiitwe gofu, na ya kwake imeshapigwa X.

Mwahija alimuuliza lile lililomleta. Kama duara limekwisha na mali haitafutwi tena, mwiko ni wa nini? Kwa nini hamruhusu mkewe afungue?

Jilala alichora ardhini kwa mti wa ufagio kwa muda mrefu.

"Nikimwambia afungue, ndiyo nimesema imekwisha," alijibu. "Sasa hivi, kule nyumbani, mimi bado ni mtu aliyekwenda kutafuta."

Kisha akamwomba. Alimwomba kwa jina la marehemu Yasini, aliyewahi kumpa lifti akiwa kijana. Amwambie Noela kwamba amemkuta duarani, mzima, anachimba. Asiseme habari za ufagio. Mwahija hakumjibu ndiyo wala hapana. Alimaliza uji, akamshukuru, akaondoka, na alipogeuka njiani alimwona Jilala ameinama akifuta nyayo zake uwanjani, mistari irudi ilivyokuwa.

Usingedhani ingetokea siku Mwahija akatamani asingejua jambo. Safiya, baada ya kusikia yote, alimwambia mama yake kwamba hili sasa si la kupeleka, limeze. Lakini kulimeza vipi? Akisema Jilala yuko duarani, Noela hatagusa ufagio, na mwisho wa mwezi tingatinga litaiangusha nyumba kwa ajili ya mtu asiyeko hata shimoni. Akisema kweli, nyumba itasimama, na mwanamume mmoja atavuliwa nguo mbele ya mkewe. Njia yote ya kurudi, kupita Kahama, aliyageuza hayo mawili kama kitambaa kisichotosha, akikilaza huku kinapungua kule. Jirani yake kwenye kiti alimsimulia kisa kirefu cha shemeji yake, na Mwahija hakuuliza swali hata moja.

Noela alikuwa akimngoja barazani, ameketi kando ya cherehani. Hakuwa ameambiwa chochote kuhusu safari hiyo, lakini hata wakimya wana macho. Alimpokea mzigo, akamsalimu, akasubiri anywe maji.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Mzima."

"Yuko shimoni?"

Mwahija alizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, bila uzi. Maisha yake yote watu walimwomba anyamaze akashindwa, na leo angeweza kunyamaza na wote wangemsifu. Akamtazama mwanamke yule aliyekuwa amekunja mikono mapajani, tayari kuambiwa kwamba nyumba yake ianguke.

"Hayuko chini, Mama Ndaki. Yuko juu. Nimemkuta anafagia."

"Anafagia?"

"Uwanja wa mtu. Ndiyo kazi yake siku hizi. Anamtunzia tajiri jengo lisiitwe gofu."

Noela kwanza aliingiwa na nafuu, ukaona mabega yakishuka, kwa sababu kama hayuko chini basi hakuna ardhi ya kumfunika, na miaka yote ile ya kuogopa kila simu inayolia asubuhi ilikuwa imekwisha pale pale. "Kwa hiyo shimo halitamfukia," alisema kwa sauti ndogo. Hasira ilifuata nyuma, na haikuwa ndogo. Aliuliza mara mbili kama huyo mtu anafagia vizuri. Mwahija alimjibu kwamba anafagia vizuri sana.

Habari za zile kanga na zile kaptula Mwahija hakuzisema. Alizimeza, na mtaa ule mpaka leo haujazisikia.

Noela aliinuka. Aliuchukua ufagio wa Mwahija uliokuwa umeegemezwa mlangoni, bila kuuomba, akavuka barabara. Ufunguo alikuwa nao miaka yote ile, na kufuli lilifunguka mara moja. Mbuzi walikimbia kutoka barazani, na baada yao likatoka vumbi, wingu zima, kwa dirisha hili na lile. Watoto wake walipotoka shule waliletwa kung'oa majani. Mwahija alikuja na jembe, kisha na kiberiti, maana dalili za matunzo lazima ziwe na moshi. Watu walisimama barabarani wakitazama, na kwa mara ya kwanza mjumbe wao hakuwa na nafasi ya kuwajibu.

Magesa alipita mwisho wa mwezi na mtu wa ramani. Alitazama uwanja, akatazama jiko, akatazama bati lililorudishwa na kufungwa kwa waya. Aliuliza tu nani anakaa hapa sasa, Noela akajibu ni yeye, na Magesa akaagiza ile X ipakwe chokaa.

Jilala alipiga simu siku hiyo hiyo, Mwahija akiwa pale pale dirishani akipima mapazia. Labda alikuwa amehesabu siku za notisi, labda mtu alimwambia. Aliuliza kama nyumba imebomolewa. Noela alikuwa chumba cha watoto, ufagio mkono mmoja na simu mkono wa pili.

"Nimefungua," alimwambia. "Nimefagia. Ukija, piga hodi."

Alisikiliza kidogo, akakata, akaichomeka simu kwenye pindo la kanga, akaendelea na chumba cha tatu.